Luhaga Hakuvuka

Kwa miaka mingi Luhaga alikuwa mfunga kamba kwenye kivuko cha Kigongo na Busisi. Ziwa likichafuka na abiria wakianza kusali, yeye alisimama ukingoni mwa kivuko akipiga soga. Daraja la juu ya ziwa lilipofunguliwa na kivuko kikaacha kazi, hakukaa bure. Yassin, mfanyabiashara wa Mwanza, alikuwa amejenga gati la mbao upande wa Kigongo, karibu kabisa na daraja, pamoja na banda la mafuta, choo na kibanda cha kutengenezea injini. Boti za wavuvi zilifungwa hapo, na za wageni wanaopenda kulitazama daraja kutoka majini. Luhaga akawekwa kuwa msimamizi. Msaidizi wake alikuwa Selina, mama aliyeendesha boti vizuri kuliko wanaume wengi wa mwalo ule wa wavuvi, na aliyemwita Luhaga "baba".

Jumapili moja mjukuu wa Luhaga alikuwa anabatizwa Sengerema, alikoolewa binti yake Gladness. Ukoo ukakodi basi dogo la Kosta, na Yassin naye akaalikwa. Luhaga alivaa suti, akapewa kiti cha dirishani. Hakuwa amewahi kupita juu ya daraja. Kila safari ilipotokea alikuwa na udhuru.

Gari lilipoanza kupanda daraja, maji yakazidi kuwa mbali. Luhaga akatazama chini mara moja tu, akashika kiti cha mbele kwa mikono miwili. Akafumba macho, ikawa vibaya zaidi.

"Simamisha!"

"Mzee, hapa haturuhusiwi kusimama," dereva akasema.

"Nishushe!" Sauti ilimtoka nyembamba kama ya mtoto, na mkono ulikuwa tayari unahangaika na mlango.

Dereva akasimama. Suzana, mke wa Luhaga, akamshika mumewe koti, lakini alijinasua. "Tangulieni, nitawakuta ng'ambo," akasema, akaanza kurudi kwa miguu, hatazami pembeni.

Gatini alimkuta Selina peke yake.

"Baba, kulikoni?"

"Nivushe."

Selina hakuuliza tena. Alimvalisha boya, akatandika kitenge chake kwenye ubao ili suti isilowe. Upande wa Busisi alimshika mkono ashuke, kisha akageuza boti.

Kosta ilikuwa inangoja kando ya barabara. Luhaga alipopanda, watu wote walimgeukia, na macho yao yalimchoma kuliko kicheko.

"Mzee Luhaga, unaumwa?" Yassin akauliza kwa upole.

Angeweza kuitikia ndiyo, yakaisha. Badala yake akasema, "Hapana. Nikiwa juu niliona boti imefunguka, inaelea. Selina hakuifunga vizuri. Ikabidi nirudi."

Watu wakashusha pumzi. Mmoja akamsifu kwa kuipenda kazi yake. Suzana alimtazama kidogo, akageukia dirisha. Kanisani Luhaga alimpakata mtoto, lakini hakuweza kumtazama usoni.

Kesho yake Yassin alimwachisha Selina kazi.

"Watu wanatuachia boti zao, wewe unaziacha zielee?"

"Boti gani, bosi?" Selina akamgeukia Luhaga, akangoja aseme. Luhaga aliinama kwenye dumu la mafuta, akawa anakaza kifuniko kilichokwisha kukazwa. Selina akaokota kitenge chake, akaondoka.

Jioni Luhaga aliutazama ugali bila kuugusa.

"Kuogopa si dhambi, baba Gladness," Suzana akasema. "Hili la Selina ndilo linalonitia aibu mimi."

Asubuhi Luhaga alimsubiri Yassin gatini, akasema mbele ya wavuvi wote, kabla moyo haujambadilikia: "Hakuna boti iliyofunguka. Niliogopa daraja. Selina ndiye aliyenivusha, nami nikamsingizia."

Kijana mmoja akacheka, kisha wote wakacheka. Yassin hakucheka.

"Kama si umri wako, ungeondoka leo hii. Kamrudishe mwenyewe."

Alimkuta Selina uani kwake akianika dagaa.

"Shikamoo, baba."

Luhaga akavua kofia kwanza, ndipo akaitikia. Akamweleza yote akiwa amesimama, kofia mkononi, akamwomba radhi. Selina aliendelea kuwatandaza dagaa.

"Ungenyamaza tu siku ile garini, baba," akasema hatimaye. "Mimi nisingemwambia mtu. Ningekufa nalo."

Alirudi kazini kesho yake. Ila alimwomba Yassin abadilishiwe zamu, wasiwe wanakaa pamoja. Luhaga alizipata habari hizo kwa Yassin, na hakuuliza sababu. Wavuvi bado humtania kuhusu daraja, naye hucheka nao. Lakini yeye na Selina wakipishana kwenye njia ya mwaloni, Selina humwamkia kwa adabu zote, na yeye huitikia akitazama mchanga.