Mdogo kwa Amri ya Kompyuta

Kijana wa maabara ile, jina lake nalikumbuka vizuri, lakini sitaliandika hapa. Halistahili wino wangu.

Maabara yenyewe iko Parramatta, huku ughaibuni tulikohamia. Kazi yake ni kuwatafutia damu watu kama mimi, ambao damu yetu ni ya kuchagua: ukiniongezea ya mtu yeyote tu, mwili unaikataa. Zamani kumbukumbu zetu zilikaa kwenye kadi, ndani ya makabati. Mwaka jana wakahamishia kila kitu kwenye kompyuta, wakajisifu mpaka wakatundika maputo mlangoni. Maputo! Kama vile wamezaa.

Kompyuta hiyo hiyo ikanichanganya na jirani yangu wa Blacktown, tunayesali naye kanisa moja, naye huchangia damu palepale. Sote ni Warundi, majina yetu yanafanana, na kambini Tanzania sote tuliandikiwa kuzaliwa tarehe moja Januari, mwaka uleule, maana karani hakutaka kusumbuka. Basi mashine ikaona wanawake wawili, ikafanya mmoja. Na damu yake kundi lingine, yangu lingine. Daktari akasema kumbukumbu zisiponyooshwa, hakuna kunipasua nyonga. Nami nilikuwa sifiki hata chooni bila kushika ukuta.

Tukaenda wote wawili, na mjukuu wangu wa kutafsiri. Kijana hakututazama. Alitazama kioo cha kompyuta yake.

"Bibi, anasema kompyuta inaonyesha mtu mmoja," mjukuu akasema.

"Mwambie ageuze shingo, ahesabu."

Kijana akacheka, akasema dawa ipo: tarehe haiguswi, ila mmoja ataandikwa Senior, yaani mkubwa, na mwingine Junior. Nani mkubwa?

"Mimi," nikasema.

"Wewe?" jirani akaruka. "Ulifika kambini na tumbo la kwanza, mimi nikiwa na wanne!"

"Kuzaa mapema ni haraka zako, si umri."

"Haraka au si haraka, mimi siandikwi mdogo na mashine. Nina wakwe."

Kijana akatazama saa. Akasema tusipokubaliana tumngoje mkuu wake, naye yuko likizo. Jirani akajikalia, mkoba mapajani. Yeye nyonga zake nzima, angeweza kungoja mpaka Krismasi, na alilijua hilo.

"Haya, andika mimi mdogo," nikasema.

Mjukuu alipomweleza, kijana akagongagonga vibonye vya kompyuta, kisha akatupigia makofi kama watoto waliomaliza uji. Wakatutoa damu upya, kila mmoja na lebo yake. Mtu mwenye vitukuu, eti Junior!

Damu ilipatikana, nikapasuliwa, natembea. Sasa kila Jumapili baada ya ibada yule mwenzangu anakalia kiti chenye mto, halafu mbele ya mabinti zangu anasema, "Mdogo wangu, hebu niletee chai."

Namletea. Miguu ninayo.