Mishubiri ya Mwahija na Ndoo za Majirani

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Mwahija Abilahi amechuchumaa nyuma ya nyumba yake hapa Kiswere, anabinya majani ya mishubiri kwa kidole gumba. Anabinya jani la chini, kisha la kati. Kidole kikizama, anaguna na kuliweka kopo pembeni. Jani likimgomea, anahamia kopo linalofuata.

"Huu umeoza," anasema bila kuinua uso. "Na huu uko njiani."

Kati ya makopo 260 aliyokuwa nayo mwaka jana, mimea iliyo hai ni 19. Mwahija ana miaka 51, na kwa miaka kumi na mmoja kitalu hiki ndicho kilichomlisha. Mwezi ukiwa mzuri alipata hata shilingi 90,000, kutoka kwa wenye nyumba za wageni wa Kilwa Masoko wanaotaka mimea ya barazani, na kwa kina mama wanaopaka shubiri kwenye ziwa ili mtoto aache kunyonya. Hiyo 19 ikifa, hana tena pa kuanzia.

Mgeni akiyaona makopo matupu atalilaumu jua. Jua la watu, masikini, halina kosa. Mishubiri hii imekufa kwa maji, tena maji yaliyobebwa kichwani na watu wema.

Zamani Mwahija alikuwa akiotesha miche ya mikorosho. Kisima chenye maji yasiyo na chumvi kiko mwendo wa dakika arobaini kwenda tu, na kiangazi alikwenda mara tatu kwa siku.

"Mkorosho mchanga una kiu ya kitoto, haujui kusubiri," anasema. "Mgongo ukanishinda. Nikasema nitafute mimea isiyonituma kisimani."

Akaanza na mishubiri minne aliyoing'oa kwenye ua wa mama yake, kijijini Pande. Bwana shamba aitwaye Valentini, aliyekuwa akipita na pikipiki yake, ndiye aliyemweleza kwa nini haifi kiangazi. Jani lake nene ndilo mtungi wake. Mvua ikinyesha, mizizi, ambayo haiendi chini sana, huyanywa maji upesi na kuyapeleka kwenye majani, yakakaa humo ndani ya ute. Ngozi ya nje ina nta, hivyo maji hayatoki ovyo. Hata vitundu vidogo vya kupumulia, visivyoonekana kwa macho, mchana hufungwa. Hufunguliwa usiku, joto likishapungua.

"Mtungi umejaa, wewe bado unamimina," anasema Mwahija. "Udongo unakuwa tope, mizizi inakosa hewa, inaoza. Mimi nilikuwa namwagia mara moja kwa wiki mbili, tena kikombe."

Mwaka jana mumewe, Rehani, alifariki. Mwahija akaingia eda, miezi minne na siku kumi za kukaa ndani. Wanawake wa nyumba saba za jirani, wakiongozwa na wifi yake Adija, wakaapa kwamba kitalu cha mjane hakitakauka. Walianza kwa zamu. Baada ya wiki moja hakuna aliyetaka kuonekana amekaa tu siku isiyo yake, wakawa wanakuja wote, kila mmoja na ndoo yake.

Chumbani, Mwahija alisikia maji yakimiminwa. Siku za mwanzo hakujali, msiba ulikuwa umemjaa. Mwezi wa pili harufu ya kuoza ikamfikia dirishani, akajua.

Kwa nini hakusema? Anafuta kidole kwenye kanga.

"Mtu katoka kisimani na ndoo kichwani kwa ajili ya msiba wako. Utamwambia arudi nayo? Nilishindwa. Kila siku nasema kesho, na kesho nasikia ndoo."

Eda iliisha miezi miwili iliyopita. Ndoo za wengine zimekoma, ila ya Adija haijakoma. Anakuja kila asubuhi, na kila asubuhi Mwahija anasema ahsante. Inachosha hata kuisikiliza.

Leo Adija, mwanamke wa miaka sitini na kitu, anatokea kwenye ua wa minyaa, shingo imekakamaa chini ya ndoo.

"Shikamoo, wifi."

"Marahaba. Wanao wameamkaje?" Ndivyo anavyoiita mishubiri.

Anatua ndoo, anachota kata ya kwanza. Mwahija anamshika mkono.

"Wifi, subiri."

Analikata jani moja zima kwa kisu na kulifungua. Ute unadondoka mpaka kwenye kiwiko. Kisha anachukua kopo la mmea uliooza, anaung'oa. Unatoka bila mizizi.

"Maji yake yako humu," anasema, akionyesha jani. "Hapa chini hauyataki."

Adija anatazama kimoja, kisha kingine. Anakaa chini mavumbini.

"Kumbe sisi."

"Nyie mlikuja, wifi. Msingekuja, ningekufa mimi."

"Mbona hukusema?"

"Kila nikitaka kusema, umeshatua ndoo."

Adija anajifunika uso kwa upindo wa kanga. Mwahija anamwacha alie, kwa kuwa yeye mwenyewe machozi yake yaliisha siku nyingi.

Ana mpango. Kila mshubiri ulio hai ukiachwa ukae mkavu utatoa vichipukizi vitatu au vinne shinani. Atavitenganisha na kuvipanda kwenye mchanga mkavu. Mwakani, Mungu akipenda, makopo sitini. Nguvu ya kufikisha 260 hana uhakika kama bado anayo.

Adija anasimama, anajipangusa, anaiangalia ndoo iliyojaa.

"Sasa haya niyamwage wapi?"

"Usiyamwage," anasema Mwahija. "Yaingize ndani, wifi. Mwenye kiu ni mimi."