Punda Aliyejua Milango ya Watu

Siku hiyo naikumbuka, mwanangu, kuliko siku niliyooa, na mke wangu asisikie. Ilikuwa miaka ya themanini, nami kijana wa Ganze niliyekuja Malindi kubeba maji. Shule niliiacha darasa la tatu, hayo tuyaache. Punda alikuwa wa Mzee Athman, jina lake Ndege, nami nikimpakia mitungi asubuhi na jioni, mlango hadi mlango.

Mama alikuwa ameuza mbuzi wake wa mwisho ili ninunue mbegu za mahindi mjini, maana ukame ulitufanya tule hata zile mbegu alizozitundika juu ya moshi wa jiko. Nilipata debe moja. Mawingu yalikwisha kujikusanya, na siku hiyo nilitakiwa nipande basi nende kwetu. Lakini ilikuwa Idi pili, na sisi wabeba maji tulikuwa na mbio zetu za punda, kutoka sokoni, kupita mitaani, hadi ufukweni. Nikasema nitazame kidogo tu. Miguu ikaniwasha, nikamtoa Ndege nami niingie mbioni.

Mwenzangu Kazungu, mbeba maji kama mimi, akaniambia, "Weka shati lako, nami niweke langu." Nikaweka. Ndege alitangulia, haki ya Mungu, mpaka tulipofika kwa Bi Zuhura. Pale akasimama tuli. Kila siku tulikuwa tukishusha maji hapo, sasa yeye angejuaje kwamba leo ni mbio? Bi Zuhura akatoka na ndoo: "Mbona leo mmekuja bila maji?" Mtaa mzima ukacheka.

Kazungu akalivaa shati langu juu ya lake. "Kaka, rudi Ganze na fulana. Au unayo suruali ya kuongeza?"

Hapo, mwanangu, kifua kilinichemka. Kukaa siwezi, kusimama siwezi. Nikasema tukimbize tena: mimi naweka debe la mbegu, yeye aweke mashati yote mawili na baiskeli yake. Mzee Athman akanishika mkono.

"Mbegu za nani hizo?"

"Za mama."

"Umemuuliza?"

"Mzee, punda huyu namjua."

"Unamjua, ndiyo. Kwa hiyo nakuuliza."

Nikauchomoa mkono wangu. Mtu mzima yule, na wala sikumtaka radhi.

Mara ya pili tulipofika kwa Bi Zuhura nilimpigia Ndege makelele masikioni, akapita. Nikashangilia. Nilikuwa nimesahau mkahawa wa chai, milango minne mbele, ambako tulikuwa tukishusha mitungi sita kila asubuhi. Ndege hakusahau.

"Kazungu, nirudishie mbegu, ndugu yangu. Ni za mama."

"Ningeshindwa mimi, ungenirudishia baiskeli?"

Nilijua nisingeirudisha, nikaenda zangu kupanda basi.

Mvua ilinikuta njiani. Mama alikuwa mlangoni na jembe lake, uso umemfunguka kwa furaha. Nilipomweleza hakunitukana; afadhali angenitukana. Alilitia jembe begani akaenda kulima mashamba ya majirani, apewe mbegu kibaba kwa kibaba, nami nyuma yake. Letu tulilipanda wenzetu wakipalilia. Mwaka ule tulivuna mabua.

Sikwambii usitazame mbio, ziwe za punda au za farasi; mimi mwenyewe nazipenda hadi leo. Nakwambia hivi: kama lazima uweke kitu, amua ungali nyumbani, umetulia, ni kipi unachoweza kukikosa na bado ukalala usingizi. Ukishakikosa, ondoka, usirudi kukifuata. Cha mwenzio usikiguse, hata ukiwa na hakika ya kushinda. Tena ukiwa na hakika hiyo ndiyo ujiogope zaidi. Na kifua kikichemka usiamue lolote, hata kununua kiberiti, mpaka kipoe. Akitokea mtu wa kukushika mkono, mwache akushike.

Mungu akujalie moyo wa kuondoka mapema, mwanangu, na akuepushe na siku ya kumtazama mama yako machoni huku mvua inanyesha nawe mikono mitupu.