Mwanafunzi Asiye Kwenye Daftari

Anisia alizika watoto wawili katika masika moja, wote kwa surua. Justina, aliyebaki, alikuwa bado ananyonya. Tangu hapo mama alimshika mtoto huyo kwa mikono miwili na hakumwachia.

Mwaka 1974 Justina alikuwa darasa la sita, katika kijiji kimoja karibu na Ushirombo, na hakuwa amewahi kuchota maji kisimani. Mama alimfulia sare na kumsuka nywele. Saa ya mapumziko alimpelekea viazi shuleni, akasimama pembeni mpaka viishe. Kila mwanafunzi alikuwa na matuta yake katika shamba la pamba la shule; ya Justina aliyapalilia Anisia asubuhi mapema, kisha akaenda kwenye shamba lake mwenyewe. Bado alikuwa na kutwanga, kutafuta kuni, na kumpikia mama mkwe ambaye kila siku aliona chumvi ama imezidi ama imepungua. Mumewe, Jilala, aliyaona yote. Maadamu ugali ulifika kwa wakati, hakuwa na neno.

Siku ya mkutano wa wazazi, mwalimu mkuu, Marselino, alisema anataka kumpongeza mwanafunzi wake hodari kuliko wote, akamnyooshea Anisia mkono.

"Matuta yake ndiyo safi kabisa. Tatizo ni moja tu, jina lake halimo kwenye daftari la mahudhurio."

Watu wakacheka. Jilala naye alicheka, akafuta machozi kwa mkono wa shati. Hapo ndipo hasira ilipompanda Anisia. Akasimama.

"Mwalimu, miaka miwili unaniona humo shambani. Mbona hukuniambia? Au ulitaka pamba kwanza?"

Marselino akaanza kupangapanga karatasi zake. Anisia hakungoja jibu.

Nyumbani Jilala alimwambia amemwaibisha mbele za watu. Kazi wanafanya wanawake wote, mama yake mwenyewe alilea tisa bila kelele. Mama mkwe akaitikia kutoka barazani kwamba ndiyo, lakini hao tisa walibeba maji tangu wana miaka sita, si kama huyu aliyeharibiwa. Anisia aliwatazama wote wawili. Kumbe alikuwa anafanya kidogo mno na kingi mno kwa wakati mmoja, na waliomhukumu hawakuwa wameshika hata ufagio siku hiyo. Kesho yake alifunga nguo zake, akamwacha Justina, akaenda Masumbwe kwa dada yake, Tereza.

Siku mbili alilala tu. Siku ya tatu akaanza kuhangaika: Justina hajala, Justina ametumbukia kisimani. Akataka kurudi. Tereza akamuuliza alikuwa na miaka mingapi aliposonga ugali mara ya kwanza.

"Saba."

"Nani alikufa?"

Neno lilipomtoka tu Tereza akajuta, akainamisha kichwa. Anisia akaanza kusema, kwa hasira ambayo hata yeye hakujua anaitunza. Wanawe hawakufa kwa uvivu wake. Aliwabeba, mmoja mgongoni na mmoja begani, kutwa nzima hadi kwenye zahanati, akaambiwa dawa zimekwisha, arudi wiki ijayo. Hakuna mwanaume wala mkubwa yeyote aliyewahi kuulizwa habari ya wiki ile. Yeye peke yake ndiye aliyejiuliza, kila siku, kwa miaka kumi na miwili, na kila siku akajiongezea kazi kama adhabu.

"Sikuacha kufanya kitu, dada," alisema. "Hakuna nilichoacha."

Alirudi siku ya nane. Sufuria lilikuwa limeungua hadi chini. Jilala alikuwa anatoka kisimani, madebe mawili kwenye baiskeli, amenuna, kwa kuwa wenzake kilabuni walikuwa wamempa majina ya dhihaka. Justina alikuwa shambani shuleni, viganja vimetoka malengelenge. Anisia akanyoosha mkono kulichukua jembe. Binti hakulitoa.

"Mama, hapa wananiita Bibi Harusi. Miaka miwili sasa."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungekuja kuwapiga."

Ni kweli, angekuja. Anisia akakaa ukingoni mwa shamba, mikono yake haijui pa kukaa, akamtazama mwanawe akipalilia vibaya.

Pamba ya Justina msimu ule ilikuwa ya mwisho shuleni. Marselino alipomwita mzazi, Anisia alimtuma Jilala, naye alikwenda akinung'unika. Maji aliendelea kuyaleta, hasa baada ya kuona kuwa mkewe hayafuati tena. Justina alijifunza kupika mboga ambazo hazikuwa tamu.

Jumapili, baada ya misa, Anisia alitandika mkeka nyuma ya nyumba akajilaza. Mama mkwe alimkuta, akauliza kama siku hizi nyumba hii ina mwanamke.

"Yupo, mama," alijibu Anisia. "Amechoka." Akageukia upande wa pili.