Nilificha alama nyeusi chini ya kisigino hadi siku ya kuoshwa miguu kanisani

Wakuu, poleni na majukumu.

Naandika kutoka Lubumbashi, commune ya Kampemba. Haya yalinipata mimi mwenyewe, na mke wangu ameketi hapa pembeni anasoma kila mstari, kwa hiyo hata nikitaka kujipamba sina njia.

Kuhusu lugha: nitajitahidi kuandika Kiswahili cha kwenu. Ila watu wangu wakifungua mdomo nitawaacha waseme cha kwetu, na Kifaransa chake ndani. Mtaelewa tu.

Mimi ni fundi wa kushona. Nina karakana ndogo mbele ya nyumba, cherehani ya pedali, na vitambaa vya watu hadi juu ya kabati. Mtaani wananiita Papa Ruth, kwa jina la binti yetu wa kwanza.

Sisi mafundi mnatujua. Neno tunalolitamka kuliko yote ni "kesho". Suruali imekwisha? Kesho. Gauni la harusi? Kesho, mama, nabakisha vifungo tu. Na kitambaa hata hakijakatwa.

Sasa chukueni mtu wa namna hiyo mumpe ugonjwa.

Ilianza wakati wa baridi. Nilikuwa nakata kucha, nikaona kidoa cheusi chini ya kisigino cha kushoto. Kidogo, kama mbegu ya papai. Hakiumi, hakiwashi.

Nikasema ni pedali. Mguu ule ndio unaokanyaga cherehani kutwa nzima, lazima utaacha alama. Jambo likaisha.

Baada ya muda kikawa kama kifungo cha shati. Nikasema ni kiatu. Nikabadilisha viatu. Nikasugua na siki. Nikasugua na papier de verre, ile karatasi ya kulainishia mbao, niliyoazima kwa jirani seremala. Nilipata kidonda, kidonda kikapona, na kidoa kikabaki palepale.

Hapo nikapata wazo ambalo wakati huo niliona ni la kisayansi. Nikachukua kalamu nikachora duara kukizunguka, ili nijue kama kinakua.

Kilipovuka duara, mnadhani nilifanya nini?

Nikachora duara kubwa zaidi.

Nacheka sasa, lakini siku ile sikucheka. Mteja akinenepa, fundi anaachia mshono. Na mimi nikaachia. Nilijiambia labda mara ya kwanza nilichora vibaya, mkono ulitetemeka.

Nilijaribu pia kutazama kwenye simu. Picha zote zilikuwa za ngozi za Wazungu, migongo myekundu iliyochomwa na jua. Nikafunga simu nimeridhika kabisa. Mimi ni mweusi, na hakuna jua linalopiga chini ya kisigino. Kesi imefungwa.

Lakini wakuu, mtu akiwa ameridhika kweli hafichi.

Mimi nilianza kulala na soksi.

Wakati wa baridi hakuna aliyeshangaa, kwa sababu Lubumbashi ya mwezi wa sita na wa saba ina baridi ya kweli. Tatizo lilikuja mwezi wa kumi, joto limepanda, mvua haijaanza, watu wanalala bila shuka, na mimi niko kitandani na soksi za sufu.

"Papa Ruth, uko na malaria?" mke wangu akauliza.

"Hapana. Ni kuzeeka. Damu yangu inakuwa baridi."

Aliniamini, au alijifanya kuniamini. (Anasema hapa kwamba hakuamini. Alidhani nimekwenda kwa mganga nikapewa masharti.)

Niwaambie nilichokuwa naogopa. Kaka yangu mkubwa, yaya Modeste, alikuwa na ugonjwa wa sukari. Aliingia hospitali na kidonda kwenye kidole cha mguu, akatoka bila mguu, na hakuishi sana baada ya hapo. Kichwani mwangu hesabu ilikuwa nyepesi: ukiwaonyesha mguu, wanauchukua. Usipowaonyesha, unabaki nao.

Na fundi wa pedali bila mguu ni nani?

Basi ikafika Kwaresima. Katika parokia yetu, Alhamisi Kuu padri anaosha miguu ya wanaume kumi na wawili, kama mitume. Mwaka huu katekista akaja nyumbani kuniambia nimechaguliwa.

Nikasema nina kazi nyingi za Pasaka. Nikasema wapo wanaostahili zaidi. Nilikuwa mnyenyekevu siku hiyo kuliko mtakatifu yeyote.

Mama Ruth akajibu kutoka jikoni: "Atakuya. Mwambie Monsieur l'abbé atakuya."

Katekista akatuliza moyo wangu bila kujua. Alisema padri huosha mguu mmoja tu, wa kulia. Nikakubali haraka sana.

Lakini nilikuwa nimesahau jambo moja kuhusu wake zetu. Hakuna mke wa parokia anayekubali mume wake aoshwe miguu mbele ya watu ikiwa michafu. Miguu ya kuoshwa kanisani inaoshwa kwanza nyumbani.

Alhamisi asubuhi akaja karakana na beseni, sabuni na jiwe la kusugulia. Akavuta kigoda.

"Leta miguu."

"Nitaosha mwenyewe."

"Papa Ruth, leta miguu. Bamama bote ba chorale batakuwa banaangalia."

Nikatoa wa kulia. Akausugua hadi ukang'aa. Kisha akashika wa kushoto kabla sijauficha, akavua soksi.

Akaanza kusugua kisigino. Akasugua tena kwa nguvu.

"Hii goudron ulikanyaka wapi? Haitoke." Alidhani ni lami ya barabarani.

"Acha, itatoka yenyewe."

Akaongeza sabuni. Kisha mkono wake ukasimama. Akauinua mguu wangu kuelekea mwanga wa mlango, mimi nusura nianguke kutoka kwenye kiti.

"Hii haiko goudron. Iko mu ngozi."

Nikajaribu kuuvuta mguu, hakuuachia.

"Na hii bic ya kuzunguka? Ulichora juu ya nini?"

"Nilikuwa naangalia kama inaongezeka."

"Na iliongezeka?"

"Kidogo."

Nilitegemea kelele. Ningejua la kufanya na kelele, nimeoa muda mrefu. Lakini alibaki ameketi, mkono wake umekishika kisigino changu, na machozi yakaanza kushuka bila sauti.

Nikaleta silaha yangu. "Unajua mambo ya yaya Modeste. Hospitali ilimukata muguu."

"Ilimukata sababu alienda wakati muguu ilikuwa inanuka tayari," akasema. "Mi njo nilikuwa namupelekea chakula. Docteur alituambia mbele yangu: mungekuya mapema, tungekata kidole tu. We ulikuwa unakuya, unasimama ku mulango, unarudia. Haukusikia."

Ni kweli sikusikia. Kwa muda wote ule nilikuwa nikimtumia kaka yangu kama ushahidi, kumbe nilikuwa nimeshika nusu ya habari yake, tena ile nusu isiyo na faida.

Hata hivyo, wakuu, kichwa kigumu ni kichwa kigumu. Nilimjibu, "Tutaona nyuma ya Pasaka." Yeye akamwaga maji akaingia ndani.

Jioni tukaenda kanisani. Tukaketi kumi na wawili mbele ya altare, tumevaa mashati meupe, kiatu cha kulia kimevuliwa.

Padri wetu ni mpya, mzee wa nywele nyeupe. Alipofika kwa mtu wa kwanza akaosha mguu wa kulia. Halafu akaomba na wa kushoto.

Nikamtazama katekista. Katekista akatazama dari.

Nilifikiri kutoka nje. Nilifikiri kuzimia. Wakati nafikiri, padri akafika, akapiga magoti kwa shida maana magoti yake si ya kijana. Akaosha wa kulia. Kisha akanyoosha kiganja.

"Papa, na ule mwingine."

Nikavua kiatu na soksi, nikaweka kisigino changu kwenye kiganja chake. Kidole gumba chake kikapita palepale. Kikasimama. Akainamisha kichwa akatazama, kisha akanitazama mimi.

"Inauma?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Hapana, mon père."

Akaosha taratibu, kwa muda mrefu kuliko wengine, akafuta na taulo, akaubusu.

Na mimi nikaanza kulia. Si machozi mawili ya heshima. Nililia kama mtoto aliyepotea sokoni, kamasi, mabega, kila kitu. Mguu niliouficha kwenye soksi za sufu, mke wangu ameushika asubuhi, padri ameushika jioni, na hakuna aliyeutupa. Aliyekuwa anaukimbia ni mimi peke yangu, na mguu ni wangu.

Baada ya misa watu walinipongeza.

"Papa Ruth, ulilizisha kanisa yote," mama mmoja wa chorale akaniambia. "Roho ilikushukia vraiment."

Nikapokea sifa. Sikuwa na nguvu ya kueleza.

Njiani kurudi nikamwambia mke wangu: "Mardi tunaenda."

"Najua," akasema. "Nilikwisha kumwambia Ruth akuye kubakia na karakana."

Jumanne, kwenye foleni ya hospitali, adabu zangu zilipanda ghafla. Nilimpisha mama mwenye mtoto mchanga. Nikampisha mzee. Nilipoinuka kumpisha kijana mwenye chunusi mbili usoni, mke wangu akanishika shati nyuma, nikakaa.

Daktari wa ngozi alikuwa mwanamke kijana, mpole. Akatazama kwa kioo chenye taa. Akauliza ni nani aliyechora miduara.

Mama Ruth akanijibia: "Njo yee, docteur. Iko couturier."

Daktari akauma mdomo asicheke. Kisha uso wake ukarudi kuwa wa kazi. Akasema anataka kukata kipande kidogo kipelekwe maabara, kwa sababu kingo zake haziko sawa, rangi zimechanganyika, na imekua.

"Mais docteur, kansa ya ngozi si iko ya Bazungu?"

"Sisi pia tunaipata, papa. Kwetu inapenda kujificha: chini ya miguu, mu viganja, chini ya kucha. Njo maana bantu banachelewa kuiona."

Majibu yalichukua wiki kadhaa. Nilikuwa na hakika nitakufa, nikaamua nisife na nguo za watu. Nikamaliza viporo vyote. Wateja walikuja na hasira zao za kawaida wakakuta nguo zimepigwa pasi, zinawangoja. Mmoja alimvuta mke wangu pembeni kumuuliza kama tunahama mji.

Majibu yakaja: ilikuwa kansa. Daktari aliitaja kwa jina lake la Kifaransa, mélanome, akaeleza polepole, kisha akarudia kwa sababu mara ya kwanza sikusikia chochote baada ya neno lile.

Nikauliza swali langu moja. "Mutakata muguu?"

"Hapana, papa. Tutakata hapa, na sehemu ya kuzunguka. Muguu itabakia."

Wakapima pia tezi za kinena, wakazikuta safi. Wakafanya operesheni, wakachukua ngozi ya paja kuziba kisigino. Nilikaa kitandani na mguu juu ya mito huku Ruth akishona, na niseme ukweli, anashona mikono ya koti vizuri kuliko mimi.

Leo natembea. Nachechemea kidogo, na pedali naikanyaga kwa mguu wa kulia. Kila baada ya miezi michache narudi kuangaliwa, maana daktari hakuniahidi kwamba yameisha. Alisema jambo moja tu ambalo sipendi kulikumbuka: ningekuja wakati ni kidoa, kazi yote ingekuwa ndogo sana.

Nilichojifunza: nilidhani nachelewesha habari mbaya. Kumbe habari ilikuwa ileile, haikungoja niwe tayari. Nilichokuwa nachelewesha ni msaada. Kwa hiyo tazameni miili yenu hata mahali ambapo hakuna anayetazama, nyayo, viganja, kucha. Doa jipya, au la zamani linalobadilika, mpelekee daktari. Msipeleke kwa seremala.

La mwisho. Siku hizi karakana yangu imekuwa kama dispensaire. Watu wanaleta kitambaa, halafu wanafungua shati wanionyeshe baka. Nawaambia mimi nashona tu, nendeni hospitali.

Majuzi akaja tantine Joséphine, mjane wa mtaa wa nyuma, akatoa kidole gumba chenye mstari mweusi chini ya kucha. Nikautazama, sikuupenda. Nikafunga mlango na wateja wakiwa nje, nikampeleka mimi mwenyewe hadi kwa daktari wangu, nikakaa naye kwenye foleni na sikumruhusu ampishe mtu.

Daktari akaangalia kwa ile taa yake. Ilikuwa damu iliyoganda. Tantine alikuwa amejibamiza na mlango wa friji, akasahau.

Njia nzima ya kurudi alinisema. Nimempotezea asubuhi yake. Nimemtisha bure. Maharagwe yake yameungua jikoni. Fundi gani anajifanya docteur?

Nilitembea kando yake nikichechemea, namsikiliza, na sikumbuki mara ya mwisho niliposemwa nikafurahi vile.

Karibuni, wakuu. Kuna mtu hapa ana kitu anachokizunguka? Aseme, tumsindikize. Na wenye kunicheka wacheke, Mama Ruth ameshawatangulia.