Gari Iliyonyweshwa Oili Asubuhi na Jioni

Nakumbuka Jumapili moja pale Majengo, hapa hapa Mpanda, nilipoambiwa niweke funguo za gari mezani niende zangu. Mwanangu, wewe ambaye gari yako inakula oili na hujui umwambie nani, kaa nikusimulie, maana najua usingizi wako ulivyo.

Leo ukinitafuta utaonyeshwa malori. Ni yangu yale, na basi la Inyonga ni langu, na sikuachiwa hata jembe na mtu. Shule niliiacha mapema. Lakini wakati ule nilikuwa dereva wa kuajiriwa, nimeoa juzi tu, mke ana mimba, na mkate wangu wote ulikuwa pikapu ya mzee mmoja tuliyemwita Baba Vero. Nashuka Ikola kule ziwani, napakia dagaa na wenye dagaa, napanda nao Mpanda. Ile njia niliijua kuliko dereva yeyote, hilo hata wasionipenda watakuambia.

Tatizo lilikuja polepole. Nikipima oili kule ziwani naikuta imeshuka. Naongeza, baada ya siku chache imeshuka tena, na chini ya gari hakuna hata tone. Inaungua ndani. Sasa fikiria, mwanangu. Nikimwambia tajiri mwenye gari, la kwanza atasema nimeiua kwa mwendo, na vijana wa kushika ule usukani walikuwa wamejaa stendi. Nikanyamaza. Nikawa nanunua oili kwa mfuko wangu, kopo nalificha chini ya siti, na kila jioni kabla sijaingiza gari uani nasimama kona ya uzio, nafunua boneti haraka haraka, namimina. Kupima tena sikupima. Macho yalikuwa getini, siyo kwenye kijiti cha oili.

Nyumbani mambo yakabana. Mke wangu akawa anafua kwa maji matupu, na haulizi. Hilo liliniuma kuliko lolote, na bado nikanyamaza.

Ajabu ni kwamba kadiri nilivyoongeza ndivyo moshi ulivyozidi. Moshi wa bluu, mpaka akina mama wa Ikola wakawa wananitania kwamba siku hizi hakuna haja ya kuanika dagaa, wapakie tu wabichi, watafika Mpanda wamekaushwa na ekzosi yangu. Nilicheka nao, nikawasha gari.

Ndiyo ikafika hiyo Jumapili. Baba Vero alikuwa ametoka misa ya kwanza. Hakufoka, hakuwa mtu wa kufoka. Alisema injini imekwisha, itabidi ishushwe, na kwa gharama ile hawezi tena kumweka mtu aliyeiua. Nikaweka funguo mezani. Kujitetea nilishindwa, maana ningeanzia wapi bila kulitaja lile kopo?

Mkewe, Mama Vero, alikuwa amekaa mlangoni pa jiko anachambua mchele. Hakuinua hata kichwa.

"Baba Vero, hiyo gari dozi yake aliiandika daktari gani?"

"Dozi ya nini?"

"Ya kunywa mara mbili. Wewe unaimwagia alfajiri, hata uso hujanawa. Huyu naye anaimwagia jioni pale kona. Mimi nilijua mmepangana."

Tajiri akanitazama. Mimi nikamtazama.

"Kumbe na wewe?" akaniuliza.

"Shikamoo, mzee," nikajibu. Sijui kwa nini nilimwamkia. Ndilo neno lililonijia.

Kumbe wiki ile ile aliyoinunua aligundua kwamba gari inavuta oili. Akaogopa kunieleza nisije nikamkimbia, au nikalitoa neno stendi abiria wakaihama. Basi akawa anaamka kabla sijafika, anamimina yake kimya kimya. Na yeye hapimi, anawahi nisimkute.

Mama Vero akaweka ungo chini. "Wanaume wazima mmeogopana mpaka gari ikavimbiwa. Na wewe mwanangu, mkeo anakuja kwangu kuomba kipande cha sabuni, kumbe sabuni yake iko humo ndani ya injini?"

Nikatoka kwenda kufunua boneti.

Akaitwa fundi wa mtaa wa pili. Akachomoa kijiti, oili imepita alama ya juu, imepita mbali. Akatueleza kuwa ikizidi hivyo inapigwa povu, inasukumwa juu kuungua, kwa hiyo sehemu kubwa ya ule moshi tuliutengeneza wenyewe. Akapunguza, akatuambia tupime kila asubuhi wote wawili. Baada ya siku kadhaa ukaonekana ugonjwa wa kweli: sili za valvu zilikuwa zimechoka, raba ndogo tu za kuzuia oili isipenye kwenda kuungua. Akazibadilisha bila kushusha injini. Baba Vero alinung'unika kulipa, lakini yalikuwa malipo ya mtu kunung'unika, siyo ya kuuza shamba. Funguo alishazisukuma upande wangu Jumapili ile ile. Ile pikapu niliiendesha mpaka nikaja kuinunua mimi mwenyewe.

Sasa shika hili, mwanangu. Pima oili asubuhi injini ikiwa ya baridi, gari ikiwa mahali tambarare, na mwenye gari awe amesimama hapo hapo. Ukikuta imeshuka sema siku hiyo hiyo, hata sauti ikitetemeka. Usiongeze kwa kukisia. Wala usikubali kushusha injini kabla vitu vidogo havijaangaliwa. Kufukuzwa kwa kusema ukweli kunauma, nakubali, lakini ukificha unaumia wewe, anaumia na yule uliyemwacha nyumbani, ambaye hata hajui gari inaumwa.

Mungu akulinde njiani, akupe injini yenye afya na tajiri anayeambilika. Na siku utakapokuwa tajiri wewe, akujalie uambilike.