Kola za Mheshimiwa

Kila Bunge linapokwenda mapumziko, mheshimiwa huja mwenyewe na mashati yake meupe kwa Umuhoza, fundi cherehani wa karibu na Petite Barrière, kivuko cha mpakani. Hanunui mapya. Anataka kola ifumuliwe, upande uliochakaa ufichwe ndani, ule mzima utoke nje. "Kitu ya zamani hatutupi, mama," husema kila mara, kwa sauti ileile ya redioni, huku akilainisha tai kwa vidole viwili vinene, visafi. Ndivyo anavyosema pia juu ya mila, juu ya ndoa, juu ya watoto kuamkia wakubwa, na watu humpigia makofi. Wakati wa kampeni alikalia kigoda hikihiki cha wateja, akamshika Umuhoza mkono, akaapa kuwatetea wajane wanaofukuzwa na mashemeji kwa sababu ndoa zao hazikuandikwa serikalini. Umuhoza, aliyetolewa kwenye nyumba yake kule Nyakiriba akiwa na godoro na cherehani tu, alimwamini.

Juzi alimsikia redioni akiwaambia wabunge wenzake kwamba mwanamke asiyeandikwa si mke, ni mgeni aliyekawia kuondoka. Wenzake wakacheka. Leo amekuja tena, anatabasamu. Umuhoza akakunjua shati la kwanza, akapitisha kidole kwenye mshono wa kola. Aliujua, ulikuwa wake.

"Geuza tu, mama, kama siku zote."

"Hii nilishageuza, mheshimiwa," akasema, akimrudishia. "Upande ingine haiko tena."